Madamu Olive Anakusalimia

Mabanga, 7 Oktoba 2024

Kwa Mama Aksanti,

Ni mimi Olive, mwalimu wa mwaka wa kwanza. Tulionana siku ya kuandikisha watoto. Nilikuomba upunguze sauti kidogo, ukanijibu kwamba hiyo ndiyo ndogo. Nilicheka peke yangu njia nzima kurudi nyumbani.

Aksanti hajaonekana shuleni karibu mwezi mzima. Papa Cyprien, sentineli anayelinda lango la shule, ambaye ni jirani yako pale Ndosho, ameniambia kwamba maumivu yalimrudia na akalazwa. Pole sana, mama. Ugonjwa huu wa selimundu, tunaouita SS, naujua, mdogo wangu aliumwa nao: damu inakwama njiani, mifupa inawaka, mtoto analia, na wakati huo wenzake wanasonga mbele. Mwaka jana hakumaliza kwa sababu hiyo hiyo. Akirudia tena kalasi, watu wataanza kumwita mjinga, naye ataanza kuwaamini. Aksanti si mjinga hata kidogo. Ninachotaka ni kitu kimoja tu: mwaka huu usiishe kabla hajajua kusoma.

Kwa hiyo kalasi itakuja nyumbani, na mwalimu ni wewe. Nitakuwa nakutumia barua kwa mkono wa Papa Cyprien. Utaniuliza kwa nini nisipige simu. Nataka mtoto aone karatasi inatoka kwangu, inafika kwake, na inasema. Akiona hivyo atataka kujua inasema nini.

Anza na silabi nilizoandika nyuma ya karatasi hii. Chukua chaki, umwandikie kwenye mlango, herufi kubwa. Kwa hesabu tumia vifuniko vya Fanta au maharagi. Muda mfupi tu, halafu apumzike, anywe maji. Na siku ya maumivu hakuna masomo, kuna mama tu.

Niandikie.

Olive Bashige


Ndosho, 12 Oktoba 2024

Kwa Madamu Olive,

Barua yako nimeisoma. Ilinichukua asubuhi yote na maharagi ikaungua kwenye sufuria, kwa hiyo nakudai maharagi.

Mimi Cibalonza niliishia mwaka wa tatu, kule kwetu Kabare. Papa yangu alisema musichana akijua kuandika ataandikia wanaume barua. Sasa angalia, mwanaume mwenyewe sikumuandikia hata mustari moja na alikimbia tu. Baba yake Aksanti alienda siku munganga wa hospitali alisema ugonjwa ule unatoka kwa baba na mama, wote wawili. Alisema kwa ukoo wao damu ni safi. Tangu siku ile niko mama na niko baba, na sasa unataka nikuwe na mwalimu. Haya, ongeza tu, kichwa kimezoea mizigo.

Mama Uwimbabazi, jirani yangu, aliona mulango umejaa chaki akaniuliza: "Mutoto wa SS unamufundisha ya nini? Yule unamupa chakula kizuri na unangojea." Ningojee nini? Nilimujibu neno ambalo siwezi kuandika hapa, juu ya kuwa wewe ni mwalimu. Lakini alipotoka nililia, Madamu. Juu hata mimi siku zingine nawaza vile.

Basi nitamufundisha. Nakuambia mapema: sina uvumilivu, mukono yangu ni nzito, na maandiko yangu yanatembea kama kuku. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Ukinisaidia nitaweza.

Cibalonza, mama yake Aksanti


Mabanga, 4 Novemba 2024

Aksanti,

Mimi ni Madamu Olive. Nina paka. Paka ni mzee. Paka anakula samaki wadogo, sambaza. Hataki kitu kingine. Mimi nakula majani ya muhogo, sombe. Wewe unakula nini?

Andika neno moja. Nangoja.

Madamu Olive


Ndosho, 30 Novemba 2024

Kwa Madamu Olive,

Anakula ndizi! Umeona namna ameandika? "Dizi." Nilitaka kuipanga iandikwe vizuri, nikaacha. Ni dizi yake.

Barua yako analala nayo. Anaiweka chini ya shavu, imechakaa mpaka paka wako haonekani tena. Kila siku ananiuliza: Madamu ataandika lini, Madamu iko na miaka ngapi, Madamu anakaa na nani. Mimi niko hapa tangu azaliwe na hajawahi kuuliza niko na miaka ngapi.

Lakini nina neno baya la kukuambia. Juma lililopita alikwama kwa "ba, be, bi" siku nzima, nikamufinya sikio. Hakulia. Alisema tu: "Mama, Madamu hafinyi." Niliona haya mpaka nikatoka nje. Nilikaa juu ya mawe pale pa kuanika nguo na nikajiuliza: kama Mungu atamuchukua kesho, ni kufinywa ndiyo kitu cha mwisho nitakuwa nimemupa? Niambie wewe unafanya namna gani na watoto wote wale bila kufinya.

Cibalonza


Mabanga, 20 Januari 2025

Mama Aksanti,

Unisamehe kwa kukaa kimya. Kuhusu sikio: na mimi nilifinya, mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Ukihisi mkono unakuja, toka, kachote maji, rudi. Hakuna siri nyingine. Ila usimwambie Aksanti kwamba Madamu alifinya, nisije nikapoteza heshima.

Shuleni tuna wageni. Watu wanakimbia vita, wanashuka kutoka Sake na magodoro kichwani, familia zinalala ndani ya kalasi yangu, mabenchi yametolewa nje. Jana nilifundisha uani, na kila mlio uliotoka upande wa milima watoto waligeuza vichwa pamoja. Direktrisi anasema huenda tukafunga. Ndiyo maana bahasha hii ni nene: nimekuandikia masomo ya majuma mengi, ukienda polepole yatakufikisha Pasaka. Shule ikifungwa, wewe usifunge.

Na umwambie Aksanti hivi: siku ataniandikia barua yake mwenyewe, bila mkono wa mama juu ya mkono wake, nitakuja Ndosho na Fanta kwa sisi wote, nawe utatupikia maharagi yasiyoungua.

Mkisikia risasi mlale chini, mbali na dirisha.

Olive


Goma, 15 Februari 2025

Kwa Mama Aksanti,

Mimi ni Donatille, direktrisi wa shule. Kabla ya kuendelea kusoma, tafuta mahali ukae.

Madamu Olive hayupo tena. Siku zile vita ilipoingia mjini, bomu lilianguka juu ya nyumba yake kule Mabanga. Majirani walipofika alikuwa amekwisha kukata roho. Hatukuweza hata kumkalia kilio inavyotakiwa. Alizikwa haraka, pamoja na wengine. Misa yake tuliifanya juma lililopita. Sikuwa na njia ya kukufikia mapema: simu hazikupita, na Papa Cyprien alikuwa amevuka mpaka na watoto wake. Amerudi juzi.

Nataka ujue kwamba barua zako alikuwa anatusomea katika chumba cha walimu. Maharagi yako na ndizi ya Aksanti tunayajua sisi sote. Alikuwa akisema, "Huyu mama angekuwa amesoma, angekuwa mkubwa wangu."

Masomo yataanza tena polepole. Mungu akutie nguvu, na umwambie mtoto kwa upole.

Donatille


Ndosho, 17 Februari 2025

Mama Direktrisi,

Sitamwambia.

Nililia chooni, juu nyumba yetu ni chumba kimoja na Aksanti anasikia kila kitu. Nilikuwa nalia na namwaga maji ya ndoo ili asisikie. Madamu nilimuona mara moja tu kwa macho, na nimemulilia kuliko nilivyomulilia papa yangu.

Aksanti alishikwa tena siku za risasi, juu tulilala chini kwa sementi baridi. Hospitali ilijaa watu wa kuumia mpaka kwenye koridoo, na damu ya kumuongeza haikupatikana. Tulingoja tu. Amepona kwa neema. Sasa hivi amebaki mifupa na macho, na macho yenyewe ya manjano. Na kwetu, Mama Direktrisi, mugonjwa hapewi habari ya kifo. Mama yangu alipofariki, dada yangu alikuwa hospitali. Tulivaa nguo za rangi, tukamupelekea chakula, tukacheka mbele yake mpaka alipotoka. Ni vile tunafanya. Mugonjwa akisikia kifo kinaitwa, anaweza kuitika yeye.

Kila asubuhi ananiuliza: "Barua imefika?" Munganga alisema asihuzunike, asichoke, asipigwe na baridi. Nimujibu nini?

Nimewaza hivi: nitaandika mimi. Nitaandika "Madamu Olive anakusalimia." Yeye ni mutoto, hawezi kujua mukono huu ni wa nani na ule ni wa nani. Masomo Madamu aliyaacha kwenye bahasha, nitayatoa moja moja. Nakuomba tu ufunge midomo ya watu. Papa Cyprien nimeshamuapisha. Na kama uko na karatasi yoyote ya mukono wa Madamu, unitumie, nijifunze namna alikuwa anakunja herufi zake.

Cibalonza


Goma, 21 Februari 2025

Mama Aksanti,

Sikubaliani nawe. Njia ya mwongo ni fupi, na ya mwongo anayeandika ni fupi zaidi, maana karatasi inabaki. Unamfundisha mtoto kusoma kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine unamficha ukweli.

Lakini mimi si mama yake, na sikulala naye chini kwenye sementi. Natuma karatasi za Olive ulizoomba. Nitanyamaza.

Donatille


Mabanga, 3 Machi 2025

Aksanti,

Madamu Olive anakusalimia. Ni mimi Madamu Olive. Niko muzima kabisa. Kwetu hakuna kitu kilianguka. Paka iko muzima, inakula sombe.

Unakunywa maji? Kunywa maji. Usikae kwa sementi. Vaa soksi hata kama jua inawaka. Dawa usiiteme, mama yako anachoka kukubembeleza.

Mama yako ni mwalimu muzuri. Umusikilize.

Sasa soma: baba, bibi, boga, bubu. Halafu uniandikie maneno yako.

Madamu Olive


Ndosho 9 Machi

Madamu

nakunwa maji. nimevaa soksi. paka haikatai sombe?

utakuja lini

Aksanti


Ndosho, 28 Aprili 2025

Mama Direktrisi,

Nakuandikia toka hospitali. Alishikwa tena juzi, vibaya sana. Nilisimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita, nikamuweka Aksanti katikati, kati ya mugongo wa motari na kifua changu, tukaenda. Alilia njia yote. Mutoto huyu halii, Mama Direktrisi. Hata kwa sindano halii. Siku ile alilia na mudomo umefungwa, nilisikia tu mwili unatetemeka mpaka tulipofika. Nilijisemea, basi, leo ndiyo leo. Lakini damu imepatikana, na ameanza kula kidogo.

Tangu siku ile kuna kitu kimebadilika, na nataka ukisikie juu wewe ulinionya. Haulizi tena habari ya Madamu. Haulizi barua imefika, haulizi atakuja lini. Nikimupa barua anaisoma taratibu, ananiangalia, anasema "Ni nzuri," halafu anaikunja. Watoto wanasahau haraka, namushukuru Mungu. Mimi ndiye sisahau.

Na anasoma! Anasoma masanduku ya dawa, anasoma ukuta, anawasomea wagonjwa wengine majina yao kwenye fishi, zile karatasi za munganga. Wanganga wanamuita Madamu Mudogo. Sasa ameanza kunifundisha mimi. Ananipa karatasi, ananitajia neno, nikikosea ananipanga polepole, hafinyi. Nimeanza kupenda kuandika, Mama Direktrisi, na naona haya kukuambia vile, juu ni uongo ndio ulinikalisha chini na karatasi na biki ya kuandikia.

Sitaki uongo huu uende mbali zaidi. Shule ikifunga mwezi wa saba, nitamuandikia kwamba Madamu amehamishwa Kisangani. Kule ni mbali. Atazoea.

Cibalonza


Ndosho, 11 Mei 2025

Madamu Olive,

Mimi niko nyumbani. Mifupa haiumi leo.

Nataka kukuuliza. Ulipokuwa mutoto ulitaka kuwa nani? Na unaogopa nini? Nilimuuliza mama, alisema iko na kazi, nimuache. Jibu wewe.

Aksanti


Mabanga, 15 Mei 2025

Aksanti,

Madamu Olive anakusalimia. Maswali yako yamenitesa, ujue.

Nilipokuwa mutoto nilitaka kuwa mutawa, juu masista walikuwa na viatu vyeupe na hakuna mutu aliwafokea. Halafu nilitaka kushona. Halafu nilitaka tu kurudi shule. Papa alinitoa. Kila asubuhi nilikuwa napita na kuni mugongoni chini ya dirisha la kalasi, wenzangu wako ndani wanasoma pamoja, na mimi kule nje nasoma nao kwa sauti ndogo, mutu asinisikie. Siku moja mwalimu alitoka akaniona. Nilikimbia mpaka kuni zikaanguka. Sijui juu ya nini nilikimbia. Pengine angeniita ndani.

Naogopa nini? Naogopa asubuhi, pale nakuita na unakawia kuitika.

Usiniulize tena maswali makubwa vile, wewe ni mudogo. Kunywa maji.

Madamu Olive


Mabanga, 24 Juni 2025

Aksanti,

Madamu Olive anakusalimia. Hii ni barua yangu ya mwisho. Wamenituma kufundisha Kisangani. Ni mbali sana, kuna muto mukubwa, na toka kule barua hazifiki. Usilie. Wewe si mutu wa kulia.

Umejua kusoma. Kuna watu walisema haina faida, na leo wanakuletea vikaratasi vyao vya dawa uwasomee. Mama Uwimbabazi alikuja jana na karatasi ya mutoto wake, umeona namna aliinamisha kichwa? Mimi niliona, nikafurahi mpaka nikaona dhambi.

Siku ya maumivu usiogope. Umushike mama yako mukono, umukamate kwa nguvu zako zote. Haimuumi.

Kama nilikufokea siku moja, ni uchovu. Nakupenda tangu siku ulizaliwa, mvua ilikuwa inanyesha na ulikuwa mudogo sana.

Vaa soksi.

Madamu Olive


Ndosho, 2 Julai 2025

Mama Direktrisi,

Jina langu ni Aksanti. Niko na miaka nane. Barua hii nimeandika kidogo kidogo, mama akienda sokoni. Papa Cyprien amekubali kukuletea bila kumuonyesha mama. Alikataa kwanza, nikamusomea, akakubali. Usimugombeze.

Najua Madamu Olive alikufa.

Hakuna mutu aliniambia. Nilisoma mwenyewe. Siku tulienda hospitali na pikipiki, motari alivaa mupira wa kilio, fulana ile wanaandika kwa mugongo jina la mutu aliyekufa na kuweka sura yake. Mimi nilikuwa katikati. Mupira ulikuwa karibu na macho yangu njia yote. Kwanza niliona sura. Nikasema pengine ni mutu wanafanana. Halafu nikasoma: Olive Bashige. Nilisoma tena, na tena, nilifikiri nimesoma vibaya. Nilitaka nikuwe nimesoma vibaya. Chini waliandika: Mwalimu wetu, pumuzika kwa amani. Kabla ya siku ile sikuwa najua kusoma maneno marefu. Siku ile nilisoma yote. Mama alikuwa nyuma yangu, hakuona. Alifikiri nalia mifupa. Na mifupa pia ilikuwa inauma.

Halafu nikajua na barua ni za nani. Mbele nilikuwa nashangaa tu, juu Madamu hakuwa anaandika mambo ya soksi.

Sikumuambia mama. Mama akitaka kulia anaenda chooni anamwaga maji ya ndoo, halafu anaenda tena kuchota, na ni mbali. Na akijua kama najua, ataacha kuandika. Mama anapenda kuandika. Anakaa pale mulangoni, anatoa ulimi, anaandika, anafuta, anacheka peke yake. Siku zingine hacheki. Mbele hakuwa anakaa chini hata kidogo. Na kwa barua ananiambia maneno ambayo kwa mudomo hawezi. Kwa mudomo anasema tu fanya hivi, usifanye vile. Mambo ya kuni na dirisha sikuwa nayajua. Mambo ya mvua siku nilizaliwa sikuwa nayajua.

Sasa ameandika kwamba Madamu ameenda Kisangani na barua hazifiki. Ni vile anataka kuacha. Mama Direktrisi, nakuomba umuambie kwamba zinafika. Wewe ni mukubwa, atakuamini. Sema kuna mutu anazibeba.

Na kuna neno lingine. Hospitali nilikuwa na rafiki, Héritière, na yeye ni SS. Alikuwa kwa kitanda cha pembeni. Siku moja kitanda kilikuwa kitupu na wametandika shuka mupya. Mama aliniambia amerudi kwao Masisi. Nilisema sawa. Mimi nafanya yote wanganga wanasema, lakini najua na mimi naweza kwenda Masisi ile. Siku ile mama atabaki peke yake kwa chumba, hana mutu wa kumuandikia.

Basi siku ile umuandikie wewe, uweke jina langu. Umuambie mifupa haiumi tena, na nasoma. Lakini uandike vibaya kidogo. Ukiandika vizuri sana atajua si mimi.

Aksanti